Damu Yangu Mikononi mwa Chiriku

Wenzangu mnaonisoma, juma lililopita nilikomea pale mwanangu aliporudi kutoka hospitali, akatua mkoba chini na kukaa kitandani bila hata kunisalimia.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye gazeti hili, usihangaike, nitakushika mkono. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba. Alipofariki, shemeji zangu waliichukua nyumba, nikabaki na nguo zangu na binti mmoja aliyekuwa chuoni akisomea kazi za maabara. Chuo kikampeleka hospitali kubwa ya jiji kwa mafunzo ya kazi. Nami nikamfuata, maana sikuwa na kwingine pa kushika. Tukapata chumba nyuma ya nyumba ya wageni, na humo humo nikapewa kazi ya kupiga pasi mashuka.

Chiriku, ndege yule wa kelele, ndilo jina binti yangu alilopewa na baba yake kwa sababu ya mdomo. Tangu ajue kutamka, mtoto yule hakujua kunyamaza. Anaongea akila, anaongea akichana nywele, na kuna siku nilimsikia akibishana na mtu usingizini.

Kwa hiyo siku ile aliponyamaza, mwili ulinisisimka.

"Chiriku."

Akageukia ukuta.

"Chiriku, mwanangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hicho hakuna kitu ndicho kimekupandisha kitandani kwangu na viatu?"

Akavitazama viatu vyake kama vya mtu mwingine. Halafu uso ukamkunjamana, kama alipokuwa mdogo.

"Wanasema nimechanganya damu."

"Damu ya nani?"

"Yako, mama."

Hapa inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Kuelekea mwisho wa mafunzo yao wanafunzi wale hupewa jaribio kubwa. Kila mmoja anatoa damu ya mtu mwenye afya njema, anaipaka kwenye kioo, anaiangalia kwa hadubini, ile mashine inayokuza vitu vidogo, kisha anaandika alichokiona. Hiyo ndiyo damu ya mfano, ya kulinganishia na za wagonjwa. Ukifanya vizuri, chuo kinapewa taarifa njema na unatunukiwa cheti. Ukiharibu, mafunzo yote yamekwenda na maji.

Kwa kawaida hutoana damu wao kwa wao. Lakini mwenzake Chiriku, binti mmoja wanayemwita Miwani, alikuwa bado anameza dawa za homa, damu yake haikufaa. Msimamizi akaruhusu Chiriku alete ndugu.

Ndugu mwenyewe ni nani jijini hapa, kama si mimi?

Nilivaa gauni langu la kanisani. Nikajipaka mafuta mpaka viwiko. Nilipoingia maabara, vijana wale wote wakiwa kwenye makoti meupe, nilijiona kama mama wa bibi harusi. Koti la Chiriku lilikuwa linang'aa kuliko yote. Nalipiga pasi mwenyewe kila asubuhi kabla sijagusa shuka la mgeni yeyote, na mstari wa mkono ulikuwa umenyooka hata ungeweza kukata mkate.

Msimamizi wao ni mzee mmoja mkavu, wanafunzi wamempachika jina la Rudia. Ukimpelekea kazi, haangalii mara mbili. "Rudia." Hata wakimsalimia vibaya, Miwani anasema, atawaambia warudie.

"Mama," akaniuliza mzee Rudia, "unaumwa popote?"

"Siumwi, mwalimu."

"Homa? Uchovu? Kutokwa jasho usiku?"

Niseme ukweli wangu hapa, maana nimeahidi kutowaficha. Jasho nilikuwa natoka. Kila nikiamka, mto umelowa. Na upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa pazito kana kwamba nimeficha jiwe. Lakini mtu anayeshinda kwenye mvuke wa pasi, jasho lake atalihesabu kuwa ugonjwa? Tena nilimwona Chiriku ameshika sindano, ananitazama kwa macho ya kuomba. Nikisema naumwa, atampata wapi mwingine?

"Mwalimu, mimi sijawahi kulazwa tangu nizaliwe," nikamwambia. "Hata siku ya kumzaa huyu nilikuja kwa miguu yangu, nikarudi kwa miguu yangu."

Wote wakacheka. Chiriku akanifunga mpira mkononi.

"Jamani, tazameni mshipa wa mama yangu! Mnene kama bomba la maji!"

"Huo kaniachia baba yako," nikajibu. "Ufungue taratibu, usije ukafurisha ofisi ya watu."

Hata mzee Rudia alitikisa mabega. Sindano sikuisikia. Niliiona damu yangu ikipanda kwenye kichupa, nikamtazama mwanangu anavyokishika, kwa upole, kama anashika kifaranga. Nikasema moyoni, fundi bomba wangu, ungekuwepo uone.

Sasa turudi kitandani.

"Umechanganya vipi damu yangu?" nikamuuliza. "Si ulikuwa na kichupa kimoja mkononi?"

"Majibu yametoka mabaya, mama. Mzee Rudia kasema damu ile haiwezi kuwa ya mtu aliyekuja anacheka. Kuna mgonjwa wodini mwenye damu ya namna hiyo, na kichupa chake kilikuwa meza hiyo hiyo. Anasema nimebandika lebo isiyo yake."

"Hicho cha wodini si wakiangalie?"

"Kimeshatupwa."

"Umemwambia hukuchanganya?"

"Nimemwambia. Akasema nirudie. Nikarudia. Imetoka vilevile."

"Basi si umesema kweli!"

Akanitazama. Yale macho ninayo mpaka leo. Sikuyaelewa.

"Anasema kioo ni kilekile na damu ni ileile, kwa hiyo kosa ni lilelile. Mama, kule maabara kuna makosa wanasamehe. Kuvunja kioo wanasamehe. Kuchelewa wanasamehe. Kumpa mtu damu ya mwenzake, hawasamehi. Wananirudisha chuoni."

Nikaketi.

Nilifikiri ameogopa kwa ajili ya cheti. Nami nikaogopa kwa ajili ya cheti. Tukakaa pale mama na mwana, kila mmoja na hofu yake, mimi nikidhani ni hofu moja.

Jioni ile alinipakulia chakula mwenyewe, akanijazia sahani mpaka ukingoni.

"Hii yote ya nani?"

"Kula, mama. Siku hizi unashiba haraka."

"Nashiba kwa sababu nakula."

Hakucheka. Akanikumbatia kwa nyuma, mkono wake ukaja ukanibonyeza chini ya mbavu, upande ule wa kushoto. Nikashtuka kwa maumivu.

"Unaniumiza, wewe!"

Akauondoa mkono kama aliyegusa pasi yangu ya moto. Akatoka nje, akaenda kufua vitu vilivyokuwa safi.

Mimi mtu wa kuangalia, wenzangu. Najua shuka lililolaliwa na mtu mwenye furaha na lililolaliwa na mtu mwenye msiba. Lakini siku ile nilikuwa na macho na sikuona. Nilisema, mtoto anajipendekeza kwangu kwa sababu anajiona mkosefu.

Alfajiri nikapiga magoti.

"Mungu wangu," nikasali kwa sauti, "wewe ndiye uliyeniondolea mume, sikukuuliza. Wewe ndiye uliyeona nyumba inaondoka, sikukuuliza. Leo nakuomba hiki kimoja tu. Mwanangu asiwe amekosea. Kile alichokiona kwenye kioo, kiwe ndicho. Wakipima tena, wakikute palepale alipokiona yeye."

"Mama, acha!"

Nilidhani amelala. Alikuwa amekaa, shuka amelikamata kwa ngumi mbili.

"Niache nini?"

"Usiombe hivyo."

"Niombeje?"

"Omba niwe nimekosea."

Nikamgeukia nikiwa bado nimepiga magoti. "Umesemaje?"

"Omba niwe nimechanganya, mama. Omba niwe mzembe. Tafadhali."

Hasira ilinipanda, Mungu anisamehe. Nikamwambia maneno. Nikamwambia vidole vyangu vimeungua kwa ajili yake. Nikamwambia baba yake alilala kwenye mitaro ya watu ili yeye asome, leo anataka kuanguka kwa hiari yake mwenyewe, hata kabla hajasukumwa.

"Mtoto gani anaomba afukuzwe?"

Chiriku akajifunika uso kwa shuka.

Asubuhi hiyo hiyo Miwani akaja, anahema.

"Shikamoo mama. Chiriku yupo?"

"Marahaba. Yupo, anavaa. Kuna nini?"

"Mzee Rudia amelala na jambo lile. Ameamka amesema hataki kumuonea mtu. Anataka mama uje tena, akutoe damu kwa mkono wake mwenyewe, aisome mwenyewe. Damu ikiwa nzuri, basi Chiriku alichanganya, anaondoka leo. Ikiwa vilevile..." Akasita, akavua miwani, akaifuta kwenye koti. "Ikiwa vilevile, Chiriku hana kosa."

Niliruka. Kweli niliruka, mwanamke wa umri wangu, na jiwe langu ubavuni.

"Sala imesikiwa! Chiriku! Umesikia?"

Chiriku alikuwa mlangoni, koti mkononi. Nikalichukua, nikamvalisha kama mtoto wa shule, nikamnyoosha kola.

"Twende," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzee.

Njiani mimi ndiye niliyekuwa naongea. Tulibadilishana siku hiyo, mimi nikawa chiriku. Nikamwambia akipata cheti tutahama kile chumba, tupate chenye dirisha. Nikamwambia mzee Rudia atamwomba msamaha mbele ya wote. Yeye alinishika mkono barabara nzima, hata tulipokuwa tumeshavuka.

Maabara hakuna aliyecheka. Mzee Rudia akanifunga mpira mwenyewe.

"Mama, nakuuliza tena. Unaumwa popote?"

Nikamtazama Chiriku. Alikuwa amesimama ukutani na mikono nyuma.

"Siumwi," nikasema.

Mzee akanitoa damu, akaandika lebo mbele ya macho yangu, akanisomea kwa sauti iliyoandikwa. Akapaka kioo. Akasubiri kikauke. Akakitia rangi, akakiosha. Kisha akainama kwenye hadubini.

Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Kiwe kilekile, Baba. Kiwe kilekile.

Mzee aliinama muda mrefu. Akasogeza kioo. Akainama tena. Mwanafunzi mmoja akakohoa, wenzake wakamtolea macho.

Hatimaye akanyanyuka, akajiegemeza mezani. Akamwita Chiriku, si kwa jina la utani, kwa jina lake la darasani.

Kila mtu alingoja lile neno lake.

"Sina cha kukwambia urudie," akasema. "Hukukosea. Ulisoma vizuri kuliko mimi nilivyotaka kuamini. Nakuomba radhi mbele ya wenzako."

"Asante Mungu!" nikapiga kelele. Nikapiga makofi. "Asante Bwana! Si niliwaambia? Si niliwaambia mwanangu hachanganyi?"

Nilipiga makofi yale peke yangu.

Ndipo nikasikia jinsi yanavyolia kwenye chumba kitupu, na chumba hakikuwa kitupu. Kilikuwa kimejaa vijana wenye makoti meupe, wote wanatazama sakafu. Miwani alikuwa amevua miwani yake, ameishika tu, haifuti. Chiriku alikuwa analia bila sauti, machozi yanamdondokea kwenye ile kola niliyoinyoosha.

Mikono yangu ikabaki hewani.

Hukukosea. Kama hakukosea, basi damu ile ilikuwa mbaya kweli. Na kama ilikuwa mbaya kweli, ilikuwa ya nani?

Nikashusha mikono taratibu.

Mzee Rudia akavuta kiti, akakaa karibu yangu, magoti yake yakagusana na yangu.

"Mama, kaa."

"Nimekaa, mwalimu."

"Ndiyo. Samahani. Umekaa."

"Nina nini?"

"Sisi wa maabara hatusemi. Daktari ndiye anayesema. Nilimwomba mapema awe tayari, yuko chumba cha pili, anakusubiri."

"Chiriku." Nikamgeukia mwanangu. "Wewe uliona. Nina nini?"

Akafungua mdomo. Nikaona macho yake yanamwendea msimamizi wake, yanarudi kwangu. Nikakumbuka aliponisimulia kiapo chao, siku ya kwanza ya mafunzo, anacheka, amejipiga kifua: siri ya mgonjwa haitoki kinywani mwa wa maabara. Sasa ndiyo kwanza jina lake limesafishwa. Alitaka kulichafua tena kwa ajili yangu, palepale, mbele ya mashahidi.

Nikasimama, nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Cheti chako usikivunje kwa mdomo. Nitaambiwa na mwenye kuambia."

Pumzi yake ilikuwa ya moto mkononi mwangu. Nikaelewa kwa nini alinibonyeza ubavu. Nikaelewa ile sahani iliyojaa. Nikaelewa alichoniomba alfajiri, na nilichomjibu.

Mzee Rudia akasimama nyuma yake.

"Vua koti," akamwambia.

Chiriku akageuka, ameshtuka. Nami nikajua anafukuzwa.

"Mwalimu, hajasema kitu! Mmemwona wote, hajasema!"

"Najua, mama. Ukiwa na koti," akamwambia Chiriku, "wewe ni wa maabara na huruhusiwi kusema. Ukilivua, wewe ni mtoto wa mama yako. Liache hapa, mshike mama, mwingie naye."

Nikamfungua vifungo mimi. Sikuliacha pale, nililikunja kwa mistari yake, kama ninavyokunja kila siku, nikalibeba kifuani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, pengine anamzidi Chiriku umri kidogo tu. Alinieleza taratibu. Ni ugonjwa wa damu, saratani. Chembe nyeupe zinazaliana bila kipimo, na lile jiwe ubavuni ni bandama iliyovimba. Akasema nina bahati, nimegundulika mapema kuliko wengi. Vipo vidonge, na wapo watu wanaoishi navyo miaka na miaka. Lakini kwanza kuna vipimo vya uboho wa ndani ya mifupa, na hivyo havifanyiki hapa. Ni mji mwingine, mbali, na nitalazwa huko majuma kadhaa.

Nilisikiliza, nikaitikia kwa kichwa. Sikulia. Nilikuwa nawaza kitu kimoja. Ningesema kweli siku ile ya kwanza kwamba natoka jasho, wangetafuta mtu mwingine, na hakuna ambaye angeitazama damu yangu.

Nikamgeukia Chiriku. "Nisamehe maneno ya alfajiri."

"Mama, mimi ndiye..."

"Sijamaliza. Umeniona ndani kuliko baba yako alivyowahi kuniona. Nisamehe."

Akaniegemea begani. Koti lilikuwa magotini mwangu, bado lina joto lake.

Daktari akachukua kalamu.

"Huko hawapokei mgonjwa peke yake, mama. Lazima awepo ndugu wa kulala naye mpaka mwisho. Nani atakuwa nawe?"

Mafunzo ya Chiriku yalikuwa yamebakiza majuma ya mwisho. Kanuni ya chuo naijua kama sala zangu: asiyemaliza, anaanza upya mwakani, na nafasi yake anapewa mwingine.

"Mimi," akasema Chiriku.

"Hapana," nikasema. "Huyu yuko kazini. Andika shemeji yangu."

Chiriku akajitoa begani kwangu kwa ghafla. "Shemeji yupi? Wale waliotutoa nyumbani? Daktari, mama yangu hana mtu. Niandike mimi."

"Usimwandike."

"Mama!"

"Nimesema asiandikwe!"

Akaunyoosha mkono kulichukua koti lake magotini mwangu, ili alirudishe kwa mzee Rudia, aache mafunzo. Nikalishika. Akavuta. Nikavuta. Daktari alikuwa ameshaigusisha kalamu kwenye karatasi.

"Nawangojeni," akasema. "Nimwandike nani?"